Oili Nzito Chini ya Dirisha la Mkwe

Dereva wa gari la mikate hakuwa mtu wa maneno mengi, ila ukimgusa kwenye oili hanyamazi. "Oili ni nzito, bwana. Hizo nyepesi ni maji ya kunawa." Pale gereji, dereva alimpachika fundi mmoja mwanamke, aliyependa oili nyepesi, jina la Muuza Maji, na jina likaganda.

Sasa mkwewe, mama mzazi wa mkewe, alipotoka hospitali baada ya kupasuliwa nyonga, walimpa chumba cha mbele, kile chenye jua. Dereva mwenyewe alihamisha kitanda na kupigilia msumari wa kutundikia nguo. Wala haikuwa bure. Zamani alipokwenda kuposa, wajomba walimkataa, eti hawamwozi binti yao mtu wa usukani. Mama huyu ndiye aliyesimama mlangoni akasema, "Usukani si wizi. Huyu ni mwanangu." Dereva hakulisahau neno lile, na hakuwahi kumshukuru kwa mdomo. Mtu na mkwewe huheshimiana. Mengi hubaki moyoni.

Kasoro ni kwamba gari lililala chini ya dirisha la chumba kile. Alfajiri ya baridi, likiwashwa tu, ka-ka-ka-ka, kama sufuria zilizoporomoka ngazini. Dereva aliona haya. Akaitibu kelele kwa dawa aliyoijua: akamwaga oili ya zamani, akatia nzito zaidi. Kesho yake kelele ikawa ndefu kuliko jana. Basi akawa anakanyaga mafuta, vuum, vuum, ili oili ipande upesi aondoke.

Wiki haijaisha, mkewe akamfuata uani, uso umemwiva.

"Baba watoto, mama anafunga mkoba. Kesho Jumamosi anarudi kwake."

"Na fimbo ile anayotembelea? Atapikiwa na nani?"

"Amesema nikwambie amekuelewa."

"Ameelewa nini?"

"Kwamba umemchoka. Anasema mkwe mwenye adabu hamfukuzi mtu kwa mdomo; humvumishia gari dirishani mpaka mwenyewe aone."

Dereva akaketi juu ya kreti la mikate. Ajitetee, aanzie wapi? Mchana ule akaenda gereji.

"Lo! Leo umekuja kunywa maji?" fundi akamlaki.

"Usinicheke, dada. Mkwe wangu anaondoka."

Fundi aliposikia kisa akaacha mzaha. Akachomoa kijiti cha kupimia oili. Kiasi kilikuwa sawa. Akafungua kitabu cha gari.

"Umetia ishirini hamsini. Gari hili limeandikiwa tano thelathini. Namba ya kwanza ni ya injini ikiwa baridi: ikiwa ndogo, oili hukimbia upesi. Ya pili ni ya injini ikishapata moto. Yako usiku hushuka yote chini, na asubuhi inajivuta kupanda kama asali. Vyuma vya juu vinagongana vikavu vikiingoja, na wewe unavikanyagia mafuta! Unaua gari, kaka."

"Na nyepesi haitaliua?"

"Waliolitengeneza ndio walioiandika. Ila likizidi kugonga, jua kuna chuma kimelika, na hapo oili haisaidii kitu. Tujaribu."

Dereva akayameza maneno yake ya miaka yote, akasema, "Haya, badilisha."

Jumamosi alfajiri aligeuza ufunguo huku ameng'ata mdomo. Ka-ka, halafu injini ikatulia, ikanguruma chini chini kama paka aliyeshiba. Hakukanyaga. Akatoka mdogo mdogo.

Aliporudi, mama mkwe alikuwa kibarazani, mkoba miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo nimelala mpaka jua limenikuta kitandani. Nikajua unaumwa, hukwenda kazini."

"Nilikwenda, mama." Akatazama chini. "Gari ndilo lilikuwa linaumwa. Nikalipa dawa isiyo yake, likazidi. Sikuwa na nia nyingine."

Mama akaishika fimbo yake.

"Na mimi nikadhani..." Hakumalizia. Akausukuma mkoba kwa ncha ya fimbo. "Huu nao umekaa njiani, watu watajikwaa. Mwite mwenzio aurudishe ndani."

Dereva hakumwita mtu. Aliubeba mwenyewe.