Manjano Chini ya Wekundu

Nakumbuka asubuhi niliyomwekea mama yangu picha mapajani, naye akaipapasa pembe kwa pembe. Nilikuwa nimechora nyumba yetu ya Mlola, ng'ombe zizini na migomba nyuma yake, kwa rangi nzito kama uji. Akaniambia, "Ahsante, ni nzuri." Lakini nilijua hakuiona. Macho yake yalikuwa yamefifia mpaka sura zetu zimempotea. Alibakiwa na mwanga na rangi tu, na daktari alishatuambia tusitegemee zaidi.

Nikaibeba picha ile, nikaenda Lushoto kwa Shangazi Ruti, dada yake baba, aliyekuwa mchoraji. Picha zake watu wa kwetu hawakuzielewa: hamna mtu, hamna mti, ni rangi zilizolala juu ya rangi. Hata mimi, mwanangu, nilikuwa nazisifia kwa adabu tu. Siku hiyo nikampa shikamoo, nikamweleza habari za mama. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainua picha yangu, akaitazama.

"Rangi yako inauzuia mwanga," akasema. "Ifanye nyembamba. Mwanga upite, ufike kwenye weupe wa kitambaa, ndipo umrudie mama yako."

Akanifundisha kuchanganya rangi kidogo na mafuta mengi, mpaka iangaze kama chai kwenye bilauri. Nikapaka manjano kwenye kitambaa kipya. Ukungu wa huku kwetu unaujua. Rangi ya mafuta haikauki upesi. Nami niliogopa mama asije akapoteza hata hicho kidogo alichobakiwa nacho. Nikawahi kupaka wekundu, zikachanganyika, zikawa tope. Shangazi akafuta yote. "Mwenye pupa hadiriki kula tamu," akasema, akanituma nikapalilie maharage yake.

Basi nikapalilia. Nikasubiri. Manjano yakakauka, nikaweka wekundu mwembamba juu yake, nikangoja tena. Pembeni nikapitisha buluu, nayo ilipoyalalia manjano ikawa kijani. Shangazi alikuwa akipita nyuma yangu, na safari hii hakufuta kitu.

Nilipoipeleka picha mpya nyumbani, baba akauliza kwa upole ng'ombe wako wapi. Nikaisimamisha mkabala na dirisha, jua likaipiga. Mama akageuza uso bila kuambiwa, akaomba asogezwe karibu. Nikamsogeza.

"Hapa ni wekundu," akasema hatimaye, kidole kikielea mbele ya picha. "Lakini chini yake kuna manjano."

Baba akainama kando yake, akatazama kwa muda. "Kweli," akasema, "yapo." Yeye mwenye macho mazima alikuwa hajayaona.

Mama aliishi na picha ile miaka yake iliyobaki. Jua likichomoza aliomba kiti chake kigeuzwe, kisha alitusimulia anachokiona, leo hiki, kesho kingine, kadiri mwanga ulivyobadilika. Sisi tuliozoea kumweleza yaliyoko nje, sasa yeye ndiye aliyetueleza. Nikawa natoka shambani mbio nimsikilize.

Shangazi Ruti ametangulia mbele ya haki, na mama pia. Kila nikishika brashi nawashukuru wote wawili: mmoja alinifundisha kuupisha mwanga, mwingine alinionyesha mahali unapofika.

Basi mwanangu, shika haya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukitaka kumpa mtu kitu chema, uliza kwanza ni kipi anachoweza kukipokea, kisha ukishushe mpaka mikono yake ikifikie. Usione aibu kufuta ulichoharibu. Acha kila jambo likauke kabla hujaliwekea jingine juu yake. Na aliyekufundisha, mshukuru akiwa hai, akusikie.

Mungu akupe subira, aibariki mikono yako, na asikunyime mtu wa kumpelekea kazi yako. Amina.