Mtungi Uliobaki Nje ya Ukumbi

Mimi ndiye niliyeandika "hapana", na nisimsingizie mtu. Fomu ya kibali cha sherehe iliuliza kama kutakuwa na kilevi. Ukiandika ndiyo, unazunguka kwa majirani wa ukumbi kuomba saini, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha ofisi ya kata. Ukiandika hapana, unagongewa muhuri hapo hapo. Ukumbi wetu wa Katubuka ulijengwa kwa michango ya Waislamu na Wakristo, kwa hiyo sharti hilo halikuwa la mchezo. Nalijua vizuri, maana nilikuwa katibu wa kamati.

Sherehe ilikuwa ya kumuaga dada yangu aliyekuwa anaolewa. Baba alikuwa ameniambia mapema kwamba ataleta mtungi mmoja wa pombe ya ndizi. Yeye na mdogo wake wa Kagunga hawakuwa wamesemezana kwa miaka mingi, kisa mpaka wa shamba la michikichi. Kwetu Waha, waliogombana hupatanishwa kwa kunywa mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake, ndugu wote wakiwaona. Baba mdogo alikuwa amekubali kuja. Mimi nikaona uvivu kuzunguka na jua lile. Nikajiambia wazee watapatana hata kwa soda.

Siku yenyewe mtungi ukafika mlangoni umebebwa na watu wawili. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimerudisha kreti za bia za watu wengine walioandika hapana, mlango huo huo, tena kwa maneno makali, na baadhi yao walikuwa humo ndani wakinitazama. Nikasema hauingii.

Baba akaniuliza taratibu, "Si nilikwambia?"

"Uliniambia, baba. Sikuandika."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Baba mdogo alikuwa nyuma yake, amevaa koti lililopigwa pasi vizuri, mrija wake mkononi. Nikawasihi waende wakanywee nyumbani.

"Mwana wanje, mwanangu," akasema baba mdogo, "ndugu wote wamo humu ndani. Huko nyumbani atatuona nani? Au wanadamu tunapatana kwa kujificha?"

Akamwamkia baba, "Shikamoo, kaka," akaenda kupanda boti ya kurudi kwao. Baba aliingia ukumbini, akakaa kiti cha mbele, akapiga makofi kila walipopiga wenzake. Mtungi ulishinda nje ukutani, na nzi wakaujaa.

Nilipanga kuwaandalia siku nyingine, safari hii na saini zote. Nikawa nasema mwezi ujao, mwezi ujao. Masika yalipoanza baba akaugua kifua, na hakumaliza wiki mbili.

Baba mdogo alikuja mazikoni. Alisimama na wafiwa tangu mwanzo mpaka mwisho, lakini zamu ya kutia udongo kaburini ilipomfikia, alirudi nyuma akampisha mwingine. Nyumbani hakugusa chakula wala maji. Mchana nikamsindikiza, na tulipofika ufukweni nikamwomba anisamehe.

"Wewe sina ugomvi nawe," akasema. "Nilikuwa na ugomvi na baba yako, na bado ninao, ndiyo maana sikutia udongo. Sasa niambie nitaumaliza na nani."

Nikamshika mkono apande boti.