Kuiandika Upya Plasmidi ya Mdondo

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, msimamizi wangu chuoni aliniambia niachane na kuku. Plasmidi yangu ilikuwa imefeli. Ni kiduara kidogo cha DNA nilichokiunda kibebe ujumbe mmoja tu wa kirusi cha mdondo, ugonjwa unaoua kuku, ili kuku akichomwa, mwili wake uusome na ujifunze kujikinga. Kuku walichomwa, kingamwili hazikuonekana.

"Binti, chagua mada nyingine. Hii imekushinda."

Sikukubali. Kila kiangazi mdondo ulifagia banda letu pale Magomeni, huku kwetu kusini. Tena tuliusambaza wenyewe: kuku akianza kuzubaa, alipelekwa haraka kwa ndugu kijijini Mpapura akabadilishe hewa, na wiki iliyofuata kuku wa Mpapura nao wakafa. Nikiwa darasa la nne nilimlilia jogoo wangu, na hasira ile haijaniisha mpaka leo.

Likizo ile nilirudi nyumbani nimenuna. Mama alikuwa mwalimu, mtu wa bara aliyepangiwa kazi katika kijiji cha Ziwani. Darasa lake la kwanza, wote watoto wa Kimakonde, lilimkodolea macho tu. Akayaandika upya masomo yote kwa maneno waliyoyasikia majumbani kwao. Mkaguzi akamkaripia, naye akaendelea.

"Hesabu zilikuwa zilezile," aliniambia tukimenya muhogo. "Nilibadilisha maneno. Tena yote, si mawili matatu."

Nikaweka kisu chini. DNA husomwa herufi tatu tatu, na kipande kilekile cha protini huweza kuandikwa kwa makundi tofauti ya herufi tatu. Mimi nilikuwa nimenakili jeni kama kirusi kilivyoiandika, kwa adabu zote, wakati kuku ana namna zake alizozizoea. Niliporudi maabara niliiandika upya mwanzo hadi mwisho. Protini ileile, herufi nyingine.

Msimamizi alinipa nafasi moja ya mwisho; ikishindikana, mada naiacha. Tulipopima damu ya kuku wapya, kingamwili zilikuwa tele.

"Umebahatisha. Rudia."

Nikarudia, zikapanda. Akataka nirudie tena, zikapanda tena. Mara ya nne nilimletea kuku mezani kwake, na sindano nimeshaijaza.

"Profesa," nikamwambia, "safari hii choma wewe."