Punda Niliyepewa na Mjomba

Mjomba wangu wa Suguti siyo mtu wa kugawa vitu. Hata chumvi anaionaga kama urithi. Kwa hiyo aliponiambia, "Mpwa, likizo zote wewe ndiye unayeenda ziwani na huyu punda kuchota maji, atakachozaa ni chako," darasa zima huku Mwisenge lilijua mimi ni tajiri wa mifugo.

Alizaliwa dume, miguu mirefu kama stuli ya baa. Akasimama, akaenda kunyonya dumu la maji. Likamshinda, akahamia kwenye gumbuti la mpira la mjomba. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikawaigizia binamu zangu, nimefumba macho, natafuta titi kwenye nguzo ya zizi. Walicheka hadi machozi.

Kesho yake bado alikuwa anagonga nguzo, na tumbo limeingia ndani. Nikayaangalia macho. Katikati, pale panapotakiwa kuwa peusi, palikuwa peupe kama maji ya mchele. Nikapangusa na shati la shule. Hakupepesa.

"Inzi hao," mjomba akasema. "Patatakata penyewe."

Nikampigia bwana mifugo mwenyewe. Akaja na pikipiki yake, akammulika kwa tochi ya simu, jicho hili, jicho lile.

"Siyo inzi. Ni mtoto wa jicho, kazaliwa na ugonjwa huo. Kama yule wa kwanza."

"Wa kwanza yupi?"

Bwana mifugo akamwangalia mjomba. Mjomba akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa magumbuti.

"Huyu mama alishazaa mwingine wa hivi hivi. Nilimwambia mjomba wako asimrudishe kwa dume lile lile."

"Mjomba, ulijua."

"Mpwa, nilisema atakachozaa ni chako. Sikusema kitaona."

Ulikuwa utani mzuri. Ningeutunga mimi ningejisifu wiki nzima. Nikageuka kwa binamu zangu, kila mmoja akapata kitu cha kuangalia chini. Ndipo nikaelewa kwa nini siku ile walinicheka kuliko kawaida.

Mjomba akasema tumwache tu, atajifia, yeye atanitafutia mwingine. Nikakataa. Nikamshikia titi mdomoni mpaka akashiba, halafu nikamfunga mama yake kengele ya mbuzi shingoni, mtoto amfuate kwa kusikia. Siku hizi anamfuata mpaka ziwani bila kugonga kitu.

Nikimwita mimi, anakuja. Akiita mjomba, hata sikio hageuzi. Hilo nimemfundisha mwenyewe.