Mwenyeji wa Wamagana

Juzi mgeni aliniuliza kama mimi ni mwenyeji wa Wamagana, nikakumbuka alasiri moja iliyonuka majani ya chai yaliyolowa. Mama alikuwa na uchungu wa kuzaa, nami nilikuwa nimekimbia kumwita nesi. Tulipofika mtoni, nesi alisimama mbele ya daraja la magogo, maji yakinguruma chini.

"Wewe ni mwenyeji wa hapa?"

"Hapana," nilijibu kwa aibu. Nilidhani mwenyeji ni mwenye shamba, na sisi tulikuwa wapangaji tu.

"Sasa nani atanionyesha gogo gani limeoza?"

Hilo nililijua. Nilimshika mkono, tukaruka la tatu.

Jioni ndugu yangu alilia, sote tukapumua. Nesi akamwambia Mama, "Huyu mwenyeji ndiye amenivusha."