Kiungo cha Msiba wa Baba

Mtaani kwetu, mjini Ibra, hakuna anayeijua namba ya nyumba yake, kwa hiyo Zuwaina wa duka la kadi za mialiko ndiye anayetuandikia viungo vya ramani, vya kubonyeza kwenye simu. Huviandika mwenyewe: anwani ya ramani, kisha namba mbili za mahali, ya kaskazini mbele, ya mashariki nyuma. Tangazo la msiba huwa na viungo viwili, kimoja cha barza ya wanaume, mahali pa kupokea rambirambi, na kimoja cha wanawake. Mwanamume akiangukia kwa wanawake, lawama ni za Zuwaina, naye lawama hazivumilii.

Baba yake alipofariki, tangazo aliliandika yeye. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, kwenye kiungo cha wanaume alizigeuza namba, ya mashariki ikatangulia. Waliobonyeza walioneshwa kisiwa cha Estonia.

Majirani hawakubonyeza, walikwenda kwa miguu. Aliyepiga simu ni ami yake, Hilali, ndugu wa marehemu, aliyehamia Maskati zamani.

“Zuwaina, mbona unanipeleka Ulaya? Nimekwama kituo cha mafuta kama mgeni.”

“Nimekosea namba, ami. Niwie radhi.”

“Haya, nitumie nyingine.”

“Ya nini? Barza iko nyumbani kwa baba.”

“Najua. Wewe nitumie tu.”

“Ami, ndiyo nyumba ile ile ulimozaliwa.”

Hilali akauliza, kwa sauti ya chini, ukishaupita msikiti unakata kushoto au kulia.