Kochi la Baba Ziwani Muhazi

Harufu ya petroli ikichanganyika na ubao uliolowa huniinamisha kichwa mpaka leo. Hata nikiwa kituo cha mafuta pale Kicukiro, mtu mzima, mama wa watoto, ninajikuta natazama viatu vyangu. Ngoja nikueleze kwa nini.

Baba alikuwa seremala wa makochi kule Rwezamenyo, upande wa Nyamirambo, mtaa wa Waislamu wa Kigali. Mama alikuwa binti wa Wakatoliki wa Muhazi, watu wa kanisani kila asubuhi, na alipoolewa na Mwislamu wa mjini, mama yake hakuja harusini. Hata sisi wajukuu tulipozaliwa hakukanyaga kwetu. Akimtaja Baba alisema tu "yule wa Nyamirambo". Baba alicheka akiambiwa, lakini nilijua inamuuma, maana alikuwa akicheka peke yake.

Basi mwaka wa 1990, vita vilipokuwa bado havijaanza, mama mdogo akawa anaolewa ng'ambo ya ziwa. Baba akasema yeye atamvusha mama mkwe wake kwa boti ya mota, si kwa mtumbwi wa makasia. Akapata boti kuukuu ya mbao, akailaza uani kwetu wiki na wiki, randa ikilia, maranda yakiingia mpaka kwenye maharagwe. Benchi la katikati akaling'oa. Nyuma akainua sakafu, akapigilia kochi la watu watatu, la mbao ngumu, lenye mito ya mahameli nyekundu. Ubao wa nyuma akaukata ushuke kidogo, mota mpya ipate kukaa. Mgeni wa heshima, alisema, hakai katikati kama gunia. Kwa makochi hakuwa na mpinzani Kigali nzima. Kwa boti, wallahi, alikuwa mwanafunzi.

Alipoipeleka ziwani akaijaribu peke yake, ilikwenda vizuri tu. Siku ya harusi Bibi akaja, mnene, kimya, amevaa mushanana mweupe, na mtungi wa urwagwa ambao hakutaka ukae mbali naye. Akaketi kwenye kochi, pombe yake ya ndizi miguuni. Mota nyuma, Baba nyuma, kochi nyuma, Bibi nyuma. Mbele nilikuwa mimi tu, msichana mkondefu wa miaka tisa. Tulipoondoka, pua ya boti ikapanda juu mpaka Baba akawa haoni anakokwenda. Boti ikayumba kulia na kushoto, haishiki njia, na pale alipopunguza ubao maji yakaanza kuingia, yakiloweka mito.

Dawa ilikuwa moja, Bibi asogee mbele. Lakini mkwe hamwambii mama mkwe wake aondoke kitini, sembuse kumtajia uzito wake. Baba akaniita kwa sauti ya chini.

"Boti iko nzito huku nyuma. Enda umwambie nyogokuru akuje mbele. Na heshima, sawa?"

Nilimfikia Bibi, ulimi ukagoma. Nikasema, "Nyogokuru, kule mbele iko muzuri kuangalia maji."

Aliyatazama maji miguuni pake, akamtazama Baba, ambaye alikuwa anaangalia kwingine huku jasho linamtoka. Kisha akavua viatu, akaenda akishikilia ukingo, akakaa chini kabisa kule mbele, juu ya mbao zilizolowa, miguu ameinyoosha. Pua ikashuka. Boti ikatulia, ikashika njia.

Ndugu za Bibi walikuwa wanatusubiri ufukweni. Walimwona mama mzima anashuka na nguo nyeupe imejaa matope na mafuta, na kochi jekundu liko tupu nyuma yake. Nilitamani ardhi inimeze. Baba hakuweza kuinua uso. Kaka yake Bibi akauliza, wote wakisikia, ni nani aliyemkalisha chini.

"Ni mimi nilitaka," Bibi akajibu kwa Kinyarwanda. "Mkwe wangu alinipa kiti kizuri, nikakikataa."

Nikaona aibu nyingine juu ya ile ya kwanza: bibi yangu, mtu wa kanisani, anadanganya mbele ya watu. Baba alirudi haraka kwenye boti, akajifanya anafunga kamba ambayo ilikwisha kufungwa, mabega yakimtikisika. Nilidhani analilia boti yake. Ilibidi niolewe, nami nikae miaka nikisubiri neno moja kutoka kwa mama mkwe wangu, ndipo nikaelewa kwamba kabla ya siku ile Bibi hakuwa amewahi kumwita mkwe.